Chembe nano hazijipangi kwenye elektrodi? Pima tone kwanza

Umeweka tone juu ya elektrodi, umewasha umeme, umeinamia hadubini, na chembe zinaelea tu kama vumbi kwenye mwanga wa dirishani. Au zinajipanga, lakini mahali ambapo hukuzitaka. Mwongozo huu ni wa mtu aliyefika hapo na anataka kujua aanze kushika nini.

Kazi hii naifanya Mtwara, kwenye chumba kimoja cha maabara upande wa Shangani. Dirisha likiachwa wazi wakati wa kusi, asubuhi meza inanata. Ukiipitishia kitambaa cheusi chenye unyevu kisha ukakiacha kikauke, kinabaki na weupe wa chumvi. Bawaba zetu zote zina kutu. Nalitaja hili mapema kwa sababu katika kupanga chembe kwa umeme, chumvi ndiyo inayoleta dalili nyingi ambazo watu huzisingizia volti. Mtu akikwama, mkono wake unakimbilia kitufe cha volti. Naomba usikiguse mpaka upime tone.

Vifaa ninavyovizungumzia ni hivi. Kuna slaidi ya kioo yenye elektrodi za dhahabu zilizochorwa kama vitana viwili vilivyoelekezana, meno yakiingiliana bila kugusana, na mwanya wa mikromita 10 kati ya jino na jino. Kuna kifaa cha kutoa mawimbi ya umeme, osiloskopu (chombo kinachoonyesha mawimbi hayo kwenye kioo), hadubini ya mwanga, na chembe zenyewe. Kwa mafunzo tunatumia chembe za polistirini (aina ya plastiki) zenye kipenyo cha nanomita 500, kwa sababu zinaonekana. Baadaye tunahamia kwenye dhahabu ya nanomita 20, ambayo chembe mojamoja huioni kwa hadubini kama yetu. Unachokiona ni rangi na mkusanyiko. Usiunganishe chochote kati ya hivi na umeme wa ukutani. Volti 230 kwenye slaidi yenye maji, iliyo chini ya uso wako na vidole vyako, zinaua.

Sasa fizikia kidogo, kwa sababu bila hiyo dalili hazisomeki. Chembe ikiwa ndani ya uga wa umeme, yaani eneo ambamo nguvu ya umeme inasikika, hupata ncha mbili, moja chanya na moja hasi. Uga ukiwa sawa kila mahali, ncha hizo huvutwa kwa nguvu sawa pande mbili na chembe inabaki ilipo. Uga ukiwa mkali upande mmoja, kama ulivyo kwenye kingo za elektrodi, ncha ya upande ule huvutwa zaidi na chembe inasogea. Umeme ukigeuka, ncha nazo zinabadilishana, kwa hiyo mvuto unabaki upande uleule. Ndiyo maana tunaweza kutumia umeme unaogeuka mara laki moja kwa sekunde na chembe bado ikaenda mbele. Herbert Pohl aliipa hali hii jina mwaka 1951: dielektroforesi.

Lakini maji nayo huitikia uga. Chembe ikiitikia zaidi ya maji, inavutwa kwenye kingo. Maji yakiitikia zaidi, yenyewe hushika kingo na chembe inasukumwa kwenda kwenye uga dhaifu. Na chumvi huyafanya maji yaitikie zaidi. Shika hilo, tutalirudia.

Hakuna kinachosogea kabisa

Fuata waya kwanza. Gusisha probu ya osiloskopu kwenye elektrodi zenyewe, pale juu ya slaidi, badala ya kuishia kwenye mdomo wa kifaa. Klipu za mamba hushika kutu haraka huku pwani, na wakati mwingine kutu hiyo iko ndani ya meno yake ambako huioni. Zikwaruze kwa msasa. Niliwahi kupoteza asubuhi nzima nikibadilisha masafa (idadi ya mara umeme unavyogeuka kwa sekunde), kumbe klipu moja ilikuwa imeshika kutu yake yenyewe na umeme haukuwa unapita.

Halafu soma volti kwa makini. Vifaa vingi vya mawimbi vina ukinzani wa ndani wa omu 50, na namba inayoonyeshwa mara nyingi imepigwa hesabu kwa kudhani umeunganisha mzigo wa omu 50. Tone la maji safi lina ukinzani mkubwa mno kuliko huo, kwa hiyo elektrodi zinapata karibu mara mbili ya kilichoandikwa. Tone la chumvi linafanya kinyume: linavuta mkondo, na volti zinaanguka. Osiloskopu ndiyo ya kuaminiwa. Kumbuka pia kwamba volti za kilele hadi kilele, zinazopimwa kutoka juu kabisa ya wimbi hadi chini kabisa, si volti faafu, zile zinazofanya kazi sawa na umeme wa upande mmoja. Kwa wimbi la saini, 10 za kilele hadi kilele ni kama 3.5 faafu.

Kama volti zinafika na bado hakuna kitu, angalia ukubwa wa chembe. Nguvu ya mvuto inafuata nusu kipenyo kikizidishwa mara tatu kwa chenyewe. Chembe ikipungua nusu, mvuto unapungua mara nane, ilhali msukosuko wa joto la maji haupungui. Nimepiga hesabu kwa dhahabu ya nanomita 20: inahitaji uga wa karibu volti 1 faafu kwa kila mikromita ili mvuto ulingane tu na msukosuko. Kwenye mwanya wa mikromita 10 hizo ni volti 10 faafu, yaani kama 28 za kilele hadi kilele. Kifaa cha mezani kinachoishia 20 hakifiki hapo. Polistirini ya nanomita 500 inaridhika na takribani sehemu moja ya mia ya uga huo, na ndiyo maana mtu anafaulu na polistirini wiki nzima, kisha siku anayotia dhahabu anadhani kifaa kimeharibika.

Tiba yake si kununua kifaa kikubwa. Ukiongeza volti mara mbili, mvuto unaongezeka mara nne. Ukipunguza mwanya nusu kwa volti zilezile, unaongezeka mara nane. Tafuta elektrodi zenye mwanya wa mikromita 2 na kifaa ulicho nacho kitatosha. Kuna njia nyingine inayonifurahisha kila ninapoieleza darasani. Mwaka 2001 mtafiti Orlin Velev na wenzake walionyesha kwamba chembe za dhahabu zikianza kushikana zinaota kama waya ndani ya maji, kwa mwendo unaopita mikromita 50 kwa sekunde, hadi urefu unaozidi milimita 5. Ncha ya waya unaoota ni kali, inakusanya uga mbele yake, na inaita chembe nyingine. Ukifaulu kuanzisha ncha moja, kazi iliyobaki inajifanya.

Mapovu

Mapovu yakitoka kwenye meno ya elektrodi, maji yanapasuliwa kuwa hidrojeni na oksijeni. Kwa umeme wa upande mmoja hilo linawezekana kuanzia volti 1.23, na kwa umeme unaogeuka polepole hali haina tofauti kubwa. Panda masafa hadi juu ya kilohezi 10. Kwa kawaida mimi naanzia 100. Mapovu yakiendelea, kifaa chako kinatoa volti za upande mmoja chini ya mawimbi bila wewe kujua. Weka kapasita ya mikrofaradi 1 mfululizo na waya mmoja, izuie. Dalili ya pili ya kosa hilohilo ni chembe zote kukusanyika kwenye kitana kimoja na kuacha kingine kitupu. Dhahabu iliyotengenezwa kwa sitrati ina chaji hasi, itakimbilia upande chanya.

Elektrodi iliyokwisha kutoa mapovu kwa muda usiipe kazi ya maana tena. Dhahabu inabanduka kingoni, na ukingo uliomeguka unavuta chembe pale ulipomeguka, si mahali ulipochora.

Chembe zinakimbia kingo

Dalili hii ndiyo iliyonifundisha zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa ametayarisha mililita 10 za polistirini, zinazotosha kundi zima. Alizimua kwa maji ya betri, yale ya kuongezea, tuliyonunua duka la vipuri. (Ukienda kununua, soma chupa vizuri, maana dukani ukisema maji ya betri unaweza kupewa asidi.) Alikuwa ameyapima maji hayo kwa kalamu ya TDS, ile inayopima chumvi na vitu vingine vilivyoyeyuka majini, na ikasoma 1. Maji safi. Akaweka masafa kilohezi 100, volti 10 za kilele hadi kilele, akawasha.

"Mwalimu, njoo uone. Zinaondoka."

Niliinama. Kingo za dhahabu, ambazo kwa kawaida ndani ya sekunde chache zinavaa chembe kama shanga kiunoni, zilikuwa tupu na zinang'aa. Ilinibidi kuzungusha skrubu ya fokasi kidogo kidogo kwenda juu ndipo nilipozikuta: zimeinuka kutoka kwenye kioo na kuelea, zikifanya mistari hafifu juu ya katikati ya meno, mbali kadiri zilivyoweza na kingo. Akizima, zinatawanyika. Akiwasha, zinarudi kwenye mistari yao.

Mwenzake alisema volti hazitoshi. Yeye alisema zimezidi. Wote wawili walikuwa wanashika kitufe kisichohusika. Nguvu hii inafuata volti zikizidishwa kwa zenyewe, kwa hiyo volti huongeza au kupunguza kasi, ila haziwezi kugeuza mwelekeo. Mwelekeo unageuzwa na masafa, na tofauti kati ya chembe na maji yanayoizunguka.

"Mwanangu, itumbukize hiyo kalamu kwenye chupa yenye chembe," nikamwambia. "Maji ya betri tayari unayajua."

Akamimina kwenye kile kikombe kidogo cha kupimia dawa ya kikohozi, akatumbukiza. Ikasoma 85.

Kalamu nyingi za TDS zinasoma nusu ya upitishaji umeme, kwa hiyo 85 ni kama mikrosimensi 170 kwa sentimita (mikrosimensi ni kipimo cha upitishaji huo). Sasa linganisha na chembe. Polistirini ndani yake haipitishi umeme, lakini usoni ina chaji na maji yaliyoigandamia, na kupitia uso huo inapitisha. Kwa chembe ya nanomita 500 upitishaji huo unafikia mikrosimensi 80 kwa sentimita hivi. Maji yenye 170 yanaishinda chembe yenye 80. Katika hali hiyo hakuna masafa yatakayoivuta kingoni. Angeweza kukaa pale hadi jioni akizungusha kitufe kutoka kilohezi 10 hadi megahezi 10, na kingo zingebaki tupu.

Chumvi ilitoka wapi, kama maji yalikuwa safi? Ilikuja na chembe. Chupa za chembe zinazouzwa mara nyingi hutiwa sodiamu azidi kuzuia vijidudu, pamoja na sabuni ya kuzuia chembe zisigandane. Yeye alikuwa amezimua mara kumi tu, kwa sababu alitaka tone liwe na chembe nyingi, na azidi ikabaki ya kutosha kuharibu kila kitu. (Azidi ni sumu. Vaa glavu, na usiimwage kwenye sinki lenye bomba la shaba au risasi, kwa sababu inaweza kujenga chumvi zinazolipuka.)

Tulizisafisha. Sentrifuji kwa nguvu ya mara 5,000 ya uvutano, dakika 10, chembe zikatulia chini kama maziwa yaliyoganda. Tukanyonya maji ya juu kwa pipeti, tukatia maji ya betri mapya, tukatikisa, tukarudia. Mara tatu. Baada ya mara ya pili chembe zikaanza kushikana, kwa sababu sabuni nayo ilikuwa inaondoka. Tukazitia dakika tano kwenye beseni la mitetemo, lile ambalo mafundi miwani husafishia fremu, zikaachana. Kalamu ikasoma 4. Volti zilezile, masafa yaleyale, elektrodi ileile. Alipowasha hakuniita. Nilimsikia akivuta pumzi, nikajua.

Ukishafika hapo, kuna kipimo kizuri cha kuthibitisha kwamba unachokiona ni dielektroforesi na si mchezo wa maji. Panda masafa taratibu. Kwa chembe hizi na maji ya aina hii, mvuto unapaswa kugeuka kuwa msukumo karibu na megahezi 1.3. Ukifika 5, kingo zinapaswa kuachia. Ukirudi 100 za kilohezi, zishike tena. Zikikutii kwenda na kurudi, maji yako ni mazima.

Kadiri chembe ya polistirini inavyokuwa ndogo, uso wake unahesabika zaidi, na inavumilia chumvi zaidi. Ya nanomita 100 inaweza kuvutwa hadi maji yafikie kama mikrosimensi 400. Dhahabu ni metali, inapitisha kuliko maji yoyote utakayoitia, kwa hiyo dalili hii huwezi kuipata kwa dhahabu kwenye masafa tunayotumia. Dhahabu inaadhibiwa na chumvi kwa njia nyingine, nitaifikia.

Chembe zinazunguka, hazitulii

Hapa maji yenyewe ndiyo yanayotembea na kuzibeba chembe. Zima umeme kwanza. Kama mwendo unaendelea, umeme hauhusiki: tone linakauka upande mmoja, au meza imeinama, au taa ya hadubini inapasha. Funika tone kwa kioo chembamba, ziba kingo zake kwa rangi ya kucha, subiri dakika mbili.

Kama mwendo unakatika ukizima, kuna mambo mawili yanayofanana kwa jicho la haraka. La kwanza hutokea masafa yakiwa ya chini, kuanzia mia kadhaa za hezi hadi kilohezi chache. Umeme unavuta tabaka jembamba la chaji lililo juu kabisa ya elektrodi, na tabaka linaburuta maji. Utaziona chembe zikishuka ukingoni, zikiteleza juu ya jino la dhahabu kuelekea katikati, zikipanda, zikirudi. Nyingine zinakwama katikati ya jino na kufanya mstari. Mstari huu umewapotosha wengi, kwa sababu unafanana na ule wa chembe zinazosukumwa. Tofauti yake iko kwenye fokasi: hizi zimelala juu ya dhahabu yenyewe, zile zinaelea. Panda hadi kilohezi 100 na mwendo huu unakufa, mradi maji yawe safi.

La pili ni joto. Maji ya chumvi yanapitisha mkondo, mkondo unapasha, na maji yaliyopashwa sehemu moja tu yanasukumwa na uga uleule. Huu hauondoki kwa kupanda masafa ya kawaida. Njia ya kuutambua ni volti. Punguza volti nusu: mwendo wa aina ya kwanza unapungua mara nne, wa joto unapungua mara kumi na sita, yaani karibu unasimama. Kwa volti 20 za kilele hadi kilele, maji ya betri hayapandi joto kiasi cha kupimika. Maji ya bahari, yenye upitishaji wa simensi 5 hivi kwa mita, kwa hesabu yangu yangepanda nyuzi zipatazo 50, kama kifaa kingeweza kuzishikilia volti hizo. Maji ya kisima ya huku kwetu yako katikati. Hayachemki, lakini yanazunguka vya kutosha kukunyima mchoro.

Rangi ya dhahabu imegeuka

Dhahabu nzuri ya nanomita 20 ina rangi ya juisi ya rosela iliyozimuliwa. Ni nyekundu kwa sababu inanyonya mwanga wa kijani, karibu na nanomita 520. Ikiwa imeelekea zambarau au buluu ya kijivu kabla hujawasha umeme, chembe zimeshikana, na hakuna uga utakaozitenganisha. Mwaga, tengeneza upya.

Ili kuwaonyesha wageni, tia chumvi kidogo ya mezani kwenye mililita moja ya dhahabu na uinue kichupa kwenye mwanga. Wekundu unaanza kuzama kuzunguka kila punje, kama wingu, halafu kichupa kizima kinageuka. Chembe hizi zinaogopana kwa sababu ya chaji zao, na chumvi inaufupisha woga huo: kwenye maji yenye milimola 1 ya chumvi kwa lita, chaji inasikika hadi nanomita 10 hivi, kwenye milimola 100 inaishia nanomita 1. Zikisogeleana kiasi hicho zinashikana moja kwa moja. Mkono wenye jasho unatosha kuanzisha hili kwenye tone dogo. Usishike slaidi katikati, wala usichovye kidole kujua kama pipeti imetoa.

Mwanya umezibwa, volti zimeanguka ghafla

Waya umekamilika kutoka jino hadi jino. Kama ndicho ulichotaka, hongera. Kama hukutaka, weka rezista ya kilo-omu 1 mfululizo: waya wa kwanza ukifunga, volti zinahamia kwenye rezista, na nyingine haziongezeki wala wa kwanza hauungui. Tumeijaribu pia kwa unga wa grafiti. Wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi ina grafiti ardhini, na nilitaka wanafunzi wacheze na kitu cha nyumbani. Magamba yake ni mapana, yanajinyoosha kufuata uga na kuziba mwanya mara moja, kwa hiyo tumia elektrodi zenye mwanya mkubwa na maji mengi kuliko unavyodhani.

Jana ilikubali, leo imekataa

Pima maji tena. Maji safi yakiachwa wazi yananyonya hewa ya ukaa na upitishaji unapanda hadi mikrosimensi 1 hivi, na hiyo haina madhara. Lakini chupa iliyoachwa wazi karibu na dirisha letu wakati wa kusi inapanda zaidi ya hapo. Upitishaji unaongezeka pia kwa asilimia 2 hivi kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo tone la saa saba mchana si la saa moja asubuhi. Watu huniuliza kuhusu maji ya mvua. Ni mazuri ukikinga mbali na mabati, baada ya mvua kuosha hewa kwa muda. Ya mwanzo yanabeba chumvi ya bahari na vumbi. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi yana chumvi kidogo lakini yana ukungu na metali, na mimi siyatumii.

Slaidi nazo zina kumbukumbu. Osha kwa spiriti, suuza kwa maji ya betri, kausha kwa kupuliza kwa bomba la mpira, si kwa mdomo.

Mchoro ulikuwa mzuri, ukaharibika ulipokauka

Hapa ndipo watu wanapokata tamaa, kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha. Tone linalokauka linapoteza maji zaidi pembezoni, maji ya katikati yanakimbilia huko kufidia, na yanaondoka na chembe zako. Ndiyo pete unayoiona kahawa ikikauka mezani. Halafu utando wa mwisho wa maji unapopita juu ya mchoro, unauvuta kwa nguvu iliyo kubwa kuliko ile uliyoijengea.

Usiache tone likauke lenyewe. Umeme ukiwa bado umewaka, gusisha kipande cha karatasi ya kuchujia kwenye ukingo wa tone na uyanyonye maji taratibu, huku upande wa pili unaingiza maji safi, ili chumvi na chembe zilizobaki zitoke. Kisha badilisha maji kwa ethanoli kwa njia hiyohiyo. Ethanoli ina mvuto mdogo wa uso, inapita juu ya mchoro bila kuukokota sana. Shusha volti kadiri kimiminika kinavyopungua. Ukiziacha juu, chumvi yoyote iliyobaki inakolea ndani ya utando mwembamba, mkondo unapanda, na unaweza kuona cheche moja ndogo ikichukua mchoro na jino zima la elektrodi. Kama slaidi ilipakwa polilisini (kemikali yenye chaji chanya) kabla, chembe zenye chaji hasi zinaishikilia zenyewe na hatua hii inakuwa rahisi zaidi, ingawa chembe zilizopotea njia nazo zitashikwa hapohapo.

Slaidi ikikauka, usiiache mezani kusubiri kupigwa picha kesho yake. Hewa ya hapa ina unyevu usiku kucha, na punje ya chumvi iliyobaki kati ya meno inanyonya unyevu huo hadi inakuwa tone tena, ikilowesha mstari uliouhangaikia. Itie kwenye kisanduku chenye kifuniko, na ndani yake vile vifuko vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vikaushe kwanza kwenye oveni saa mbili kwa nyuzi 100, kwa sababu hadi vinapofika Mtwara vimeshakunywa maji yao.